Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafugaji Nyuki, Tabora

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Kwa ufupi, ada zimeingia, kodi ya stoo imelipwa, paa bado linavuja upande wa choo. Mimi nitasemea ile karatasi iliyobandikwa mlangoni, maana kuna mzee mmoja hapa ameniuliza mara mbili kama ni ratiba ya treni.

Ile ni chati ya udhibiti. Kila Jumamosi tunapopakia, katibu hudondosha tone la asali kwenye refraktomita, anasoma unyevu, anaweka nukta. Zamani tulikuwa tunaandika tu daftarini, na hapo ndipo tulipopotea. Unyevu ukisoma asilimia 18.9 tunaitana kikao, tunafoka, tunatoza faini. Wiki inayofuata unasoma 17.8, tunapongezana kwamba ukali umesaidia. Kumbe ungeshuka hata tungekaa kimya. Kipimo kilichoruka juu kuliko kawaida yake, mara nyingi kinachofuata hurudi karibu na wastani.

Ujuzi huu si wetu. Mei 1924 mhandisi wa Western Electric kule Marekani, Walter Shewhart, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro wa namna hii. Hoja yake ni kwamba kila kazi ina mtikisiko wake wa kawaida, unaotokana na mambo mengi madogo. Kwetu ni mizinga ya magogo na ya kisasa kuchanganyika, maua, hali ya hewa, mkono wa mrinaji. Mtikisiko huo hauna mkosaji wa kumtafuta. Wa kutafutwa ni ule unaotoka nje ya mipaka.

Mipaka haikutoka kichwani mwa kamati. Katibu alichukua vipimo vya wiki 20, akapata wastani wa 18.1. Kisha akatafuta tofauti ya kila wiki na iliyoitangulia. Wastani wake ukawa 0.5. Hiyo huzidishwa kwa 2.66, namba maalumu ya chati za aina hii, unapata 1.33. Ijumlishe na 18.1, mpaka wa juu ni 19.4, itoe, wa chini ni 16.8. Basi ile 18.9 tuliyoifokea ilikuwa ndani kabisa. Na msichanganye mpaka huu na kikomo cha mnunuzi cha unyevu wa asilimia 20. Ile 20 ni matakwa yake, 19.4 ni tabia ya asali yetu wenyewe.

Nukta moja tu ilitoka nje: 20.6, katikati ya masika. Safari hii hatukumfokea mtu, tukaingia stoo na tochi. Ndoo za rafu ya chini, chini ya lile paa, zilikuwa na vifuniko vilivyopasuka. Asali hunywa unyevu wa hewani, nanyi mnajua hewa ya Tabora mvua ikikolea. Nilichovya kidole kwenye ndoo mojawapo: povu juu, na ladha imeshaanza kuelekea kwenye pombe. Vifuniko vimebadilishwa. Paa, narudia, bado.

Jambo la pili lilikuja taratibu. Tangu tukatae kupokea masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, nukta nane mfululizo zimekaa chini ya mstari wa kati, yaani ule wa wastani. Hakuna hata moja iliyovuka mpaka, lakini nane upande mmoja si bahati. Katibu atakokotoa mipaka mipya. Kwa hiyo kilichoshusha unyevu ni utaratibu wa kupokea, ambao ni kazi ya kamati, na tulichelewa kuufanya huku tukiwalaumu ninyi.

Limebaki deni. Wanachama watatu walitozwa faini kwa vipimo ambavyo sasa tunaona vilikuwa ndani ya mipaka. Pendekezo la faini lilikuwa langu. Fedha zao ziko kwa mweka hazina kwenye bahasha; wazichukue leo kabla ya chakula. Mmoja wao ni shemeji yangu, naye atasaini kama wengine.