Makabidhiano kwanza, mbuzi baadaye

Mhariri,

Sherehe za kuwaaga walimu wakuu wanaostaafu hapa Uganda zimenoga siku hizi. Hema lipo, keki ipo, mbuzi wapo, na mstaafu anaondoka na godoro jipya au ndama wa kamba. Ukiulizia karatasi ya makabidhiano, haipo. Mtu anaagwa Ijumaa, na Jumatatu funguo za stoo bado ziko mfukoni mwake.

Sisi tumeshika mafaili ya wastaafu kwa muda mrefu, na tungependa kusema jambo moja. Kuachia cheo ni kazi ya mikono, kama kuhama nyumba, na inataka karibu mwaka mzima. Miaka 60 ya kustaafu serikalini haimvizii mtu. Anaijua tangu siku aliyopewa barua ya ajira.

Tuanze na hizo funguo. Mkuu anayeondoka na anayeingia wazunguke pamoja mlango kwa mlango, kila ufunguo utiwe katika kufuli lake na kuzungushwa, kisha ufungiwe kipande cha kadibodi chenye jina la mlango. Zile zisizofungua chochote (kila fungu lina mbili tatu) zitupwe hapo hapo. Madawati yahesabiwe darasani, yasinakiliwe kutoka daftari la mwaka jana. Muhuri utolewe mezani. Hati ya ardhi ya shule, ambayo mara nyingi imelala sandukuni nyumbani kwa mkuu "kwa usalama", irudi ofisini na iandikiwe risiti.

Benki ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Kubadilisha watia saini kunahitaji kumbukumbu za kikao cha kamati ya shule, barua ya kuwatambulisha wapya, picha zao na vitambulisho vyao, kwa hiyo shughuli hiyo ianze wiki kadhaa kabla. Ikichelewa, fedha za UPE (mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote) zinaingia kwenye akaunti na hakuna mwenye haki ya kuzitoa. Chaki zinakopwa dukani, na mkuu wa zamani anapigiwa simu aje asaidie. Wapo wanaoisubiri simu hiyo kwa hamu, na siku isipolia wanaumia. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, na sherehe haiutibu.

Kuhusu fedha, wengi hudhani kiinua mgongo ni zawadi ya serikali. Fuateni hesabu. Tuseme mshahara wa mwisho ni shilingi 800,000 kwa mwezi na utumishi ni miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wa mwaka ni 9,600,000. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 500, unapata pensheni nzima ya 6,912,000 kwa mwaka. Theluthi yake, 2,304,000, inazidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo: 34,560,000. Hicho ndicho kiinua mgongo. Kinachobaki ni 4,608,000 kwa mwaka, sawa na 384,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba umelipwa mapema sehemu ya pensheni yako ya miaka 15 ijayo. Ukiinunulia gari ili majirani wasione kwamba umeshuka, chakula chako cha uzeeni ndicho kinachotembea barabarani.

Dawa tunayoijua ni hii: mwaka wa mwisho kazini, chagua miezi mitatu uishi kwa kile kiasi cha pensheni, 384,000 katika mfano wetu, na kinachozidi usikiguse. Utajua mapema ni michango ya harusi ipi huiwezi tena, na watoto wa nani hutaweza kuwalipia ada. Ni afadhali kumwambia ndugu "siwezi" ukiwa bado na mshahara kuliko kumkimbia baadaye. Mikopo ya mshahara nayo imalizwe kabla ya siku ya mwisho.

Faili pia likaguliwe mwaka mmoja kabla. Kinacholikwamisha mara nyingi ni jina: barua ya ajira inasema Muhammad, kitambulisho cha taifa kinasema Mohamed, au tarehe ya kuzaliwa ni mbili tofauti. Kuyasawazisha hayo kwa hati ya kiapo ukiwa bado ofisini ni rahisi kuliko kuyafuata ukiwa kijijini, kila safari nauli. Hata faili likiwa safi, weka chakula na dawa za miezi sita, maana malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa.

Walio katika kampuni binafsi wenye akiba NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) wanaweza kuichukua wakifika miaka 55. Kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ukiichukua yote kwa mara moja hakuna cha mwezi kinachofuata.

Nyumba ya shule nayo si yako, hata kama migomba ya uani umeipanda wewe. Kosa tunaloliona ni mtu kupokea kiinua mgongo kisha kuchimba msingi wa vyumba sita, wa hadhi ya mwalimu mkuu. Fedha zinaishia kwenye linta, nyasi zinaota sebuleni, na mwenye nyumba amepanga chumba kimoja mjini. Vyumba viwili vya bati na choo, vikiezekwa kabla ya kustaafu, vinatosha kuanzia. Na kuku wa mayai, ambao kila mstaafu huwakimbilia: hula karibu miezi mitano bila kutaga hata yai moja, na kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, kikiingia kwenye banda la kuku wasiochanjwa, asubuhi unaokota mizoga. Anza na 50. Anayeanza na 500 anataka tena kundi la kuliongoza.

Linabaki jina. "Mwalimu" ni lako, utaitwa hivyo mpaka kaburini. "Mkuu" ni la kiti, na kiti kimepata mtu. Toka kwenye kundi la WhatsApp la walimu siku ile ile. Mwaka wa kwanza usikubali kukaa kwenye kamati ya shule hiyo, na mrithi wako akikuuliza jambo, mjibu lile aliloliuliza tu. Nyumbani pia kuna utawala uliokuwepo kabla yako. Mama watoto ameendesha jiko hilo miaka 30, hahitaji ofisa wa kulikagua saa nne asubuhi.

Ombi letu kwa ofisi za elimu za wilaya ni dogo. Itengenezwe karatasi moja ya makabidhiano yenye funguo, mali, muhuri, hati na benki, isainiwe na anayetoka, anayeingia na mwenyekiti wa kamati, nakala yake iingie kwenye faili la pensheni. Tarehe ya sherehe isipangwe kabla yake. Mbuzi na asubiri kambani mpaka saini ya tatu ikauke.

Wasomaji wenu,
Jinja