Magauni ya pauni 10

Zuhura mpenzi,

Mambo vipi, watoto na mzee hawajambo? Huku tuko salama, mvua imetushika kweli lakini tunashukuru. Leo nakuandikia kirefu maana kuna kitu nimekisoma na mtu wa kwanza kunijia kichwani ni wewe, fundi wetu wa nguo za jukwaani.

Kuna mchezo wa kuigiza unaitwa Page of Plymouth, wa London mwaka 1599, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na mchezo wenyewe haupo tena, hata mstari mmoja haujabaki. Tunaujua kwa sababu kuna mtu wa hela aliandika alichotoa. Huyo ni Philip Henslowe, mwenye jumba la maigizo la Rose ng'ambo ya kusini ya mto Thames, alikuwa anawakopesha waigizaji wa kundi la Admiral's Men hela ya skripti na ya mavazi halafu anaandika kila kitu kwenye daftari, tena daftari ambalo ndugu yake John alishalitumia kwa hesabu zake za chuma. Mpaka leo lipo, liko Dulwich College, shule moja ya London.

Sasa sikiliza kisa cha mchezo huo, maana ni cha kweli. Ulalia alikuwa binti wa Tavistock, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, anapendana na kijana anaitwa George Strangwidge, wazazi wakamkatalia wakamwoza kwa lazima kwa bwana Page, mjane mtu mzima wa Plymouth, mji wa jirani, kisa tu ana mali. Binti hakukubali moyoni hata siku moja. Februari 1591 Page akanyongwa usiku kitandani kwake, waliotumwa ni Robert Priddis na Tom Stone, na mwezi huohuo wote wanne, Ulalia na mpenzi wake wakiwemo, wakauawa kwa hukumu kule Barnstaple. Watu hawakuacha kulizungumza, zikatungwa mpaka nyimbo za kuuzwa mitaani, na baadhi zimebaki, ndani yake Ulalia mwenyewe ndo anaongea anawalaumu wazazi waliomwoza kwa tamaa ya mali. Nilipozisoma nililia Zuhura, sikufichi.

Miaka 8 baadae ndo waandishi wawili, Ben Jonson na Thomas Dekker, wakakifanya mchezo. Jonson huyo mwaka mmoja nyuma alikuwa amemuua mwigizaji mwenzake Gabriel Spencer kwenye pambano la mapanga, akaponea chupuchupu kamba kwa kuwa alijua kusoma Kilatini, maana sheria ya enzi hizo ilimwokoa aliyejua kusoma, wakampiga chapa ya moto kwenye dole gumba. Agosti 10 Henslowe anatoa adivansi ya shilingi 40, yaani pauni 2, na mwanzoni mwa Septemba pauni 6 za kumalizia, kwahiyo skripti nzima pauni 8 na imeandikwa ndani ya wiki chache tu. Halafu Septemba 12, na hapa ndo nilisimama, anatoa pauni 10 za kununulia magauni ya kike ya mchezo huo.

Yaani magauni yamezidi bei ya maneno! Wengine wakisoma hapo wanawasikitikia waandishi, mimi nikaona kitu kingine kabisa. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa yale, walioigiza kina mama na mabinti ni wavulana, kwahiyo gauni ndo lilikuwa linambeba Ulalia mzima mzima, mtu wa mbali kule amwone bibi harusi wa tajiri, aone hariri imemwelemea binti ambaye hakuitaka. Na kaandika magauni, sio gauni, labda na mama yake alikuwepo jukwaani, mama aliyemwoza. Ningetoa chochote nisikie walichoambiana hao wawili.

Ila ndo basi. Skripti ikishanunuliwa ilikuwa mali ya kundi, hii haikuchapishwa, na Jonson alipotoa kitabu chake kikubwa cha kazi zake mwaka 1616 huu mchezo hakuuweka. Hata mapato ya mlangoni hayamo, Henslowe alishaacha kuandika ya kila siku tangu 1597. Inaniuma kwamba kilichobaki cha yule binti jukwaani ni risiti, lakini pia namshukuru Henslowe kwa moyo wote, asingekuwa mtu wa kuandika kila senti tusingejua hata kama kuna mtu alimvalisha.

Sasa nakuomba kitu kama fundi. Chukulia kundi linaigiza kisa hiki na lina hela ya magauni tu, na lazima watu waone tofauti ya Ulalia wa kwa baba yake na Ulalia mke wa Page bila yeye kusema neno. Ungekata nini, kitambaa gani, rangi gani? Nitumie hata mchoro wa penseli, hapa nyumbani tumeshabishana mpaka usiku na hatujakubaliana.

Wako,
Mwanaidi