"Pona kwanza tutaongea" ndiyo iliniua kesi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji. Mi ni mtu wa boda hapa Busia upande wa Uganda, naendesha tangu 2011 na sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja, lakini hii kitu imenikaa kooni na najua niko na wenzangu wengi inawangoja tu.

Nilikuwa nimebeba abiria na gunia la mukene (dagaa) siku ya soko, pikapu ya wilaya fulani (sitaitaja) ikachomoka nyuma ya trela bila indiketa ikanipiga ubavuni. Abiria akaangukia gunia akainuka mzima, Mungu mkubwa. Mi mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti na mpaka leo nina chuma ndani na skrubu saba, eksirei ninayo nyumbani, ukiinua kwenye mwanga wa dirisha unazihesabu moja moja kama misumari kwenye mbao.

Dereva hakukimbia, hiyo haki yake nampa. Alinifikisha hospitali, ofisi yao ikalipa dawa za wiki ya kwanza, halafu mkubwa wao mmoja akaja na mkate na soda akaketi pale kitandani akaniambia kaka usijisumbue na maloya watakula pesa yako bure, wewe pona kwanza tutaongea. Nikamwona mtu wa maana. Nikalala nyumbani miezi kumi na moja, pikipiki ilikuwa ya mkopo wenyewe wakaichukua, mama watoto akaanza kukaanga chapati pale stendi ndiyo tukawa tunakula. Nilipoanza kutembea na gongo nikawa naenda kwa ile ofisi, leo faili liko kwa injinia, kesho liko kwa mtu wa fedha, mara bajeti imeshapita ngoja ya mwezi wa saba. Mwezi wa saba ukafika ukapita. Na wote ni watu wa heshima sana eti, hakuna hata mmoja alinifokea, wananikaribisha kiti, wananiuliza hali ya mguu.

Siku nilichoka nikaenda kwa loya. Hakuniuliza mguu, aliuliza tarehe. Akachukua ripoti ya polisi, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akavua miwani. "Kaka, umechelewa kwa miezi miwili." Nikamwambia hapana, mi nimesikia kwa redio ni miaka mitatu. Akasema mitatu ni kama ungegongwa na gari la mtu.

Sasa hapo ndipo nataka watu wasikilize. Hapa Uganda mtu binafsi au kampuni ikikuumiza kwa uzembe, una miaka mitatu ya kufungua kesi kuanzia siku uliyoumia. Lakini akikuumiza mtu wa serikali akiwa kazini, au wa wilaya, au wa manispaa, una miaka miwili tu, iko kwa sheria nyingine kabisa ambayo mtu wa kawaida hajawahi kuisikia. Na kabla hujaenda kotini unatakiwa kuwapa notisi ya maandishi ya siku 45. Loya anasema siku hizi majaji wamelegeza, kukosa notisi peke yake hakuui kesi, ila yeye huwa anaipeleka hivyo hivyo, na kwa mtu aliyebakiza mwezi mmoja hizo siku 45 zinakuwa mtego.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba yale mazungumzo yote, mkate, soda, njoo wiki ijayo, hayasimamishi saa hata dakika moja. Mi nilidhani kwa vile tunaongea basi kesi imelala kitandani inaningoja nipone! Kumbe wakati mi nangoja faili litoke kwa injinia saa inakimbia, na ikishaisha hakuna jaji wa kukuonea huruma, hawaangalii mguu wala eksirei, wanaangalia kalenda. Nikamuuliza loya kama yule mkubwa wa soda alikuwa anajua hizo siku. Akanyamaza, akarudisha miwani.

Sikatai sheria kuwa na mwisho. Mashahidi wanasahau, wanahama, wengine wanakufa, huwezi kumdai mtu kitu cha miaka ishirini iliyopita akakumbuka. Ninachouliza ni kwa nini serikali ipewe muda mfupi kuliko mwenye trela moja? Mwenye trela hana maloya wa mshahara, serikali inao jengo zima, na ndiyo yenye kuweka faili letu kabatini mwaka mzima. Kama kuna mtu wa kupewa nafuu si serikali. Wenzetu Kenya wamebanwa zaidi, kuishtaki serikali kule kwa jambo kama hili ni miezi 12, ilhali ya mtu binafsi ni miaka mitatu kama huku kwetu. Kwa hiyo hapa mjini ukigongwa na gari la serikali kabla ya geti la mpaka una hesabu moja, ukigongwa hatua mia mbele una nyingine, na sisi tunavuka hapo mara kumi kwa siku na abiria mgongoni.

Wale waliofiwa ndio nawaonea huruma kabisa. Baba akifa kwa ajali, mke na watoto wakitaka kudai kwa kumpoteza aliyekuwa anawalisha wana miezi 12 tangu siku ya kifo. Toa hapo matanga, toa kugombana na mashemeji juu ya shamba, toa kufuata barua huku na huku, utabaki na nini? Na ukiumia kazini, bosi anatakiwa apewe taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja kama unataka fidia ya mfanyakazi, fanya kwa maandishi ubaki na kopi, usimwambie kwa simu tu.

Hata ile stika ya bima kwenye kioo watu wanadhani ni hazina, sheria yake ya 1989 iliweka mwisho wa malipo shilingi milioni moja kwa mtu mmoja. Milioni moja! Zile skrubu zangu peke yake zilikaribia hapo.

Ombi langu ni dogo na halihitaji Bunge. Afande wa trafiki anapokupa ripoti ya ajali, aandike chini kwa kalamu tarehe ya mwisho ya kwenda kotini, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, basi. Yeye ndiye anajua gari lilikuwa la nani, namba ya gari ameiona. Na wodi za mifupa wabandike karatasi ukutani, sisi tuliofungwa plasta tunalala pale wiki nane tukiangalia dari, tutaisoma mpaka tuikariri. Sheria zote hizi ziko kwa Kizungu, na Kiswahili tuliambiwa ni lugha rasmi ya pili tangu katiba ibadilishwe 2005, mi bado natafuta karatasi moja ya koti iliyoandikwa nayo.

Asiye na pesa ya loya asikae nyumbani, FIDA, chama cha maloya wanawake, wapo kwa akina mama na Justice Centres wanasaidia bure, mi nilikuja kuwajua nikiwa nimeshachelewa.

Shemeji yangu aligongwa na matatu mwezi wa tano, mkono. Mwenye gari ameshakuja na mkate. Nimechukua chaki nikaandika tarehe ndani ya mlango wake anapoiona kila akitoka. Gari ni la mtu binafsi kwa hiyo ana miaka mitatu, lakini mi nimemwandikia mmoja na nusu, na mkate tumeula.

Mtu wa boda,
Busia, Uganda