Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Mbarali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi wote,
Wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tarehe 5 Juni. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli za ofisi ya maji ukaja kuketi nasi chini ya miembe hii. Mito yetu unaifahamu kuliko sisi, maana kuipima ndiyo kazi yako. Kwa hiyo tunakukaribisha kama mwenyeji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina kitalu nyuma ya jiko la shule. Tunaotesha mikuyu, mizambarau na mivengi, miti inayopatana na maji. Utakitembelea baada ya risala hii, na miche utaihesabu mwenyewe. Leo tungependa tukueleze habari ya mdahalo uliotusumbua muhula mzima, kiasi kwamba hata bwenini watu walikuwa wakibishana taa zikiwa zimezimwa.

Mwalimu wetu alitupa mada hii: "Kumpigia kura mgombea wa chama kidogo anayenadi mazingira ni kupoteza kura." Shule si uwanja wa kampeni, na hatukutaja chama chochote cha hapa nyumbani. Mifano tuliichukua mbali.

Waliopinga mada walikuja na habari za Marina Silva wa Brazili. Alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Acre, ndani ya msitu wa Amazon, kwenye familia ya wagema mpira. Hadi anafikisha miaka 16 alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Aliugua, akaenda mjini Rio Branco kutafuta matibabu, akafanya kazi za ndani huku akijifunza kusoma, na miaka kumi baadaye akawa na shahada ya historia. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wasichana wa Kidato cha Pili waliomba sehemu hii isomwe mara ya pili, na ikasomwa.

Marina alifanya harakati pamoja na Chico Mendes, kiongozi wa wagema mpira. Watu wale, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakienda kusimama mbele ya wenye chensoo ili msitu usikatwe. Chico Mendes aliuawa kwa risasi nyumbani kwake tarehe 22 Desemba 1988. Marina hakurudi nyuma. Alichaguliwa kuwa seneta mwaka 1994, akawa Waziri wa Mazingira mwaka 2003. Mwaka 2004 Amazon ya Brazili ilipoteza zaidi ya kilomita za mraba 27,000 za msitu, na kufikia 2007 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka chini ya 12,000. Mwaka 2008 alijiuzulu uwaziri, kwa kuona serikali yake yenyewe haimuungi mkono vya kutosha. Mwaka uliofuata alikihama chama tawala alichokitumikia miaka mingi, akahamia Chama cha Kijani, chama kidogo, na mwaka 2010 akagombea urais.

Alikuwa wa tatu. Alipata asilimia 19 ya kura, karibu watu milioni 20. Aliyeongoza, Dilma Rousseff, alipata karibu asilimia 47, na kwa kuwa sheria ya Brazili inamtaka mshindi avuke nusu, nchi ikalazimika kwenda duru ya pili. Hapo wagombea wawili wakubwa wakaanza kuwabembeleza watu waliompigia Marina, na msitu ukazungumzwa na midomo ambayo haikuwa na mazoea ya kuuzungumza. Marina mwenyewe hakumuunga mkono yeyote kati yao. Aligombea tena 2014, kisha 2018 akaambulia kama asilimia moja tu. Mwaka 2023 alirudi kuwa Waziri wa Mazingira.

Ukumbi ulipiga makofi sana, na sisi tuliopinga mada tukadhani tumeshinda.

Ndipo mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu akasimama upande wa pili. Akatupeleka Marekani, mwaka 2000. Ralph Nader aligombea urais kupitia Chama cha Kijani. Katika jimbo la Florida alipata kura 97,488. George W. Bush alimshinda Al Gore jimboni humo kwa kura 537, na Florida ndiyo iliyoamua nani aingie Ikulu. Gore naye alikuwa mtu wa mazingira. Mwenzetu akauliza: wale 97,488 waliusaidia msitu au waliuumiza? Wapo wanaosema wengi wao wasingepiga kura kabisa kama Nader asingekuwepo, na ubishi huo haujaisha. Lakini swali lilikuwa zito, na hatuoni aibu kukiri kwamba lilituelemea.

Tulirudi darasani tukasoma kanuni. Brazili ina duru ya pili, ndiyo maana kura za mgombea wa tatu zinaweza kusubiri na kudai jambo. Hapa kwetu, tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mgombea urais mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hajafika nusu. Ubunge na udiwani ni vivyo hivyo. Na sheria yetu inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama, kwa hiyo mtu mwenye hoja moja tu ya mto hawezi kusimama peke yake. Kwa kanuni hizi sisi tunafanana na Florida kuliko Brazili. Jambo hili lilituhuzunisha, na tunalisema mbele yako kwa sababu ni kweli.

Hata hivyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tazama mto wetu. Maji yanashuka kutoka milima ya Njombe na Kipengere kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingine, yanaingia bonde la Usangu, yanapumzika kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha Ruaha Mkuu unaendelea kupita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya hifadhi, ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi ya matope.

Sisi ni watoto wa wakulima wa mpunga. Ada zetu zinatoka kwenye majaruba. Tunajua mifereji inayoachwa wazi mwezi wa tisa wakati hakuna kilichopandwa, kwa sababu wengine wetu ndio tunaotumwa kwenda kuifungua. Tunajua mifugo ilivyokuwa ikijazana Ihefu, na mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, iliyopandwa kwenye vyanzo kule juu. Sasa mgombea gani anayetaka kushinda atasimama Rujewa au Chimala awaambie wazazi wetu, "Fungeni mifereji"? Wavuvi wa Mtera wanapiga kura kwenye jimbo lingine. Kiboko hana kadi ya mpiga kura. Ndiyo maana kampeni hupita hapa na ahadi za barabara, mbolea na umeme, na mto unaofua sehemu ya umeme huo hautajwi.

Hapa ndipo klabu yetu ilipobadili mawazo. Mgombea wa chama kidogo ana kitu ambacho mkubwa hana: anaweza kusema neno linalopunguza kura. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya aliyeanza kampeni yake ya kupanda miti kwa miche saba jijini Nairobi siku kama ya leo mwaka 1977, aligombea urais wa Kenya mwaka 1997 kupitia chama kidogo, akashindwa vibaya. Lakini alikuwa ameomba kura kwa jina la udongo na misitu, na miaka mitano baadaye watu wa jimbo la Tetu wakampeleka bungeni. Mtu wa namna hiyo asipokuwepo, au asipoweza kushinda, basi neno lake na lisemwe na wapiga kura wenyewe, wamuulize kila mgombea, wa chama kikubwa na kidogo, bila kumwacha aondoke jukwaani kabla ya kujibu. Wenzetu wa Kidato cha Nne wengi watakuwa na umri wa kupiga kura uchaguzi ujao.

Ili tuulize vizuri, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunahitaji kujua tunachokisema. Tunaomba utusaidie kupata kipimo cha kina cha maji tukisimike kwenye mto ulio jirani na shule, na mtaalamu wa kutufundisha kukisoma. Tutakisoma kila siku asubuhi, likizo ikiwemo, kwa zamu za wanafunzi wanaokaa karibu, na kuandika kwenye daftari. Wagombea wakija tutawasomea daftari hilo.

Pia tunaomba bikoni, yaani alama za mpaka, za mita 60 kuzunguka chemchemi ya shule, umbali uleule ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inauweka kwa kingo za mito na maziwa. Ombi hili linatugusa wenyewe. Ndani ya mita hizo kuna mikaratusi iliyopandwa miaka ya nyuma kwa ajili ya kuni za jiko letu, na kiangazi kilichopita chemchemi ilibaki ndoo chache kwa siku. Bodi ya Shule ipo hapa. Tunaiomba, kwa heshima zote, iruhusu mikaratusi hiyo ikatwe mvua zitakapokaribia, na sisi tuko tayari kubeba kuni kutoka mbali kwa muda wote ambao mivengi yetu itakuwa ikikua.

Ukikubali, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungependa kipimo kiwe kimesimikwa kabla ya Oktoba, wakati maji yakiwa chini kabisa.

Tunaomba kuwasilisha.