Kontena la chakula cha kisukari: lilinganishe kwa wanga, si kwa jina

Dona haimpi mwenye kisukari ruhusa ya kula bonge la ugali. Sisi tunaopika na kuuza chakula cha makontena kwa wenye kisukari tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi hapa Mbeya. Mtu ameacha sembe, ameacha sukari kwenye chai, ananunua chakula kilichoandikwa "cha kisukari", na bado mashine ya kupima sukari inasoma 14 (mmol/L) baada ya mlo wa mchana. Ni kweli dona ina pumba na kiini, kwa hiyo nyuzinyuzi zake ni nyingi kuliko za sembe. Lakini imesagwa, na unga humeng'enywa haraka. Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe dona au sembe, zina wanga wa gramu 70 hadi 80. Ulezi nao uko hapohapo. Tofauti kubwa inatokana na kiasi unachokula na kile unachokula nacho.

Kwa hiyo, unapolinganisha kontena la kwetu na la jirani, swali la kwanza liwe: lina wanga gramu ngapi? Kontena letu la kawaida lina gramu 45, na dogo lina 30. Kama kliniki yako imekupangia kiasi kingine, fuata hicho, nasi tutapima hivyo. Gramu 45 za wanga ni ugali uliopikwa kwa unga mkavu gramu 60, au mchele mkavu gramu 55 hadi 60, ambao ukiiva unafika kama gramu 160. Kwa viazi mviringo vya kuchemsha ni takriban gramu 225, yaani viwili au vitatu vya wastani. Ugali tunaupima ungali unga, kwa sababu ukishaiva uzito wake unadanganya: ugali laini umebeba maji mengi, mgumu umebeba unga mwingi, na kwa macho mabonge yote mawili yanaweza kulingana.

Wali wa mchele wa Kyela ndio unaoshinda watu kirahisi. Unanukia vizuri, unashuka bila mchuzi mwingi, na sahani ya kawaida ya mgahawani hufika gramu 300 au zaidi. Hapo tayari wanga umepita gramu 80 kabla hujahesabu maharage. Ukiupenda wali, usiuache; omba nusu ya sahani, na nafasi iliyobaki ijazwe mnafu, chainizi au kabichi. Ndizi za Tukuyu zilizopikwa na nyama zina nafuu zikiwa mbichi na ngumu, kwa kuwa wanga wake haujageuka sukari. Zikianza kuiva hali inabadilika.

Tukiulizwa mlo wa kienyeji tunaoupendekeza kuliko yote, tunajibu makande. Punje ya mahindi imebaki nzima, hivyo tumbo linafanya kazi kabla wanga haujaingia kwenye damu, na maharage yanaongeza protini na nyuzinyuzi. Makande mengi yanayouzwa, hata hivyo, ni mahindi matupu yaliyonyunyiziwa maharage. Sisi tunaweka maharage vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha mahindi, yote yakiwa makavu. Ukinunua kwingine, chungulia ndani ya kontena kabla ya kulipa.

Chipsi mayai inahitaji tahadhari ya pekee. Gramu 200 za chipsi zina wanga wa gramu 70 hivi, lakini mafuta huchelewesha chakula tumboni. Ukipima baada ya saa mbili unaweza kuona namba nzuri na kufurahi, kumbe sukari inapanda saa ya tatu au ya nne. Ukila chipsi, pima na saa ya nne.

Jambo jingine linalofichwa ni mchuzi. Kijiko cha chakula cha unga wa ngano kinachotiwa ili mchuzi uwe mzito huongeza wanga wa gramu 6. Nao mchuzi wenye viungo vya paketi huwa na chumvi nyingi, na wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, ambayo ni kijiko kimoja cha chai.

Kwa unga wa paketi, maneno "hakuna sukari iliyoongezwa" yasikutulize. Geuza paketi usome jumla ya wanga, kisha uangalie ni kwa gramu 100 au kwa mlo mmoja, maana mlo wa kwenye lebo unaweza kuwa nusu ya bakuli lako. Ukikuta maltodekstrini (wanga wa kiwandani unaogeuka sukari haraka) au glukosi kati ya viambato vya mwanzo, irudishe rafuni.

Jibu la mwisho linatoka kwenye kidole chako. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula. Daktari anaweza kukuwekea lengo tofauti. Ili ulinganifu uwe wa haki, kula makontena mawili unayolinganisha katika siku tofauti, saa ileile na dawa ileile. Ukitembea baada ya moja, tembea na baada ya jingine. Anza na mboga na nyama, wanga uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, kwani majimaji ya ndizi mbivu au embe kidoleni huipandisha namba kwa uongo. Na baridi yetu ya Juni na Julai ina mambo yake: mashine nyingi zinafanya kazi kuanzia nyuzi 10, kwa hiyo asubuhi kule Uyole, Makete au Njombe zinaweza kugoma. Ihifadhi ndani penye joto, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, shusha mkono kidogo ndipo uchome. Usikamue kidole kwa nguvu.

Chakula usichokila papo hapo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Wali uliwe ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke kila upande. Wali au viazi vilivyopoa hupandisha sukari kwa unafuu kidogo, lakini unafuu huo haulipii sahani kubwa.

Unapoagiza, tuambie kama figo zako zina shida, kwa sababu hapo maharage, parachichi na kiasi cha nyama vinahitaji ushauri wa daktari. Tuambie pia dawa unazotumia. Anayetumia glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) au insulini akipunguza wanga ghafla bila kuonana na kliniki, sukari inaweza kushuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Hapo kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha ule chakula. Na bodaboda wetu akikwama njiani, usichome insulini ya chakula mpaka kontena liwe mezani kwako.