Ndege ya Saint-Exupéry ilipatikana, chanzo cha kuanguka bado

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe mambo mawili yanayorudiwa mno kila anapotajwa Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi na rubani Mfaransa: kwamba ndege yake haijaonekana hadi leo, na kwamba aliangushwa na Wajerumani. La kwanza si kweli. La pili halijathibitishwa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliruka kutoka Borgo, katika kisiwa cha Corsica, asubuhi ya Julai 31, 1944, akiwa na miaka 44, kwenda kupiga picha za upelelezi upande wa Grenoble na Annecy, miji ya Ufaransa. Ndege ilikuwa F-5B, yaani P-38, ndege ya kivita ya Marekani iliyoundwa na kampuni ya Lockheed, iliyoondolewa mzinga na bunduki zote puani ili kamera zipate nafasi. Rubani wa ndege hiyo hana cha kujibu mapigo. Kinga yake ni kimo na mwendo tu.

Mwaka 1998 mvuvi alinasa kikuku cha fedha chenye jina la Saint-Exupéry karibu na kisiwa cha Riou, Marseille, kusini mwa Ufaransa. Wengi husimulia kana kwamba kikuku kilimaliza ubishi. Sivyo. Nyavu za kukokota huhamisha vitu, na maji hayohayo yana mabaki ya Messerschmitt, ndege ya kivita ya Wajerumani, kwa hiyo bati lisilo na alama halithibitishi lolote. Mzamiaji Luc Vanrell alitoa taarifa ya mabaki mwaka 2000. Vipande vilipandishwa 2003, vikasafishwa, na kimoja kikakutwa kimechorwa 2734 L. Hiyo ni namba ya kiwanda cha Lockheed, si ya jeshi; L ni upande wa kushoto. Ukiifuata kwenye kumbukumbu inakufikisha kwenye ndege ya jeshi namba 42-68223, ileile aliyopotea nayo.

Kuhusu risasi, tuwe waangalifu. Vipande hivyo havikuonyesha tundu, lakini ni sehemu ndogo tu ya ndege, nayo ilikaa chumvini karibu miaka 60. Kukosekana kwa tundu hakuthibitishi kwamba hakushambuliwa, wala hakuthibitishi hitilafu ya oksijeni au injini. Mwaka 2008 Horst Rippert, aliyekuwa rubani wa Ujerumani, alidai ndiye aliyemwangusha; kumbukumbu za vita hazikuyathibitisha madai hayo.

Nawaomba waandishi wetu waache kuandika "aliangushwa". Waandike kwamba alipotea akiwa kazini.

Msomaji wenu