Kwa binti yangu, ukishajua kusoma

Mwanangu,

Shangazi zako watakuambia ulizaliwa kirahisi. Usiwaamini. Hawakuwemo leba, walikuwa nje kwenye benchi na chupa yao ya chai.

Uchungu ulinianza jioni, kiunoni, nikadhani ni ule wa uongo uliokuwa umeshanirudisha nyumbani mara moja. Bibi yako aliniona nilivyoegemea mlango wa jikoni, hakuuliza kitu, akaenda kuchukua beseni. Mlikuwa na vile tulivyoandikiwa kliniki: mpira wa kutandika, glovu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu. Juu yake alipanga kanga, zote kuukuu, maana kanga mpya ni ngumu kwa ngozi ya mtoto. Tukapanda bajaji. Ile barabara ina mashimo, na siku hiyo niliyajua yote.

Leba wakanipima: njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita 4, na inatakiwa 10. Nilipoambiwa hivyo nililia, si kwa maumivu, kwa hesabu. Usiku kucha mkunga alikuwa akiniwekea kile kipaza sauti chake tumboni, anasikiliza moyo wako, anatia alama kwenye karatasi, anaenda kitanda kingine. Wanawake wanasimulia sana kusukuma. Mimi nakwambia kigumu ni pale mwili wote unasukuma wenyewe na mtu anakukazia macho: "Bado mama, usisukume, hema!"

Ukatoka alfajiri. Wakakulaza kifuani kwangu, unateleza, kichwa kimechongoka kidogo, una utando mweupe kwenye mikunjo ya mapaja. Nami nilikuwa natetemeka hadi meno yanagongana, na neno langu la kwanza baada ya kukuona lilikuwa kuuliza kama chai imebaki. Wanasema mama akimtia mwanawe machoni husahau yote papo hapo. Labda wako wa hivyo. Mimi mapenzi yalinikuta usiku uliofuata, ulipopiga chafya ukajishtua mwenyewe, mikono yote miwili juu.

Kabla ya hapo nilichomwa sindano ya paja, kondo la nyuma likatoka, kisha mkunga akawa anarudi kila mara kunibonyeza tumbo. Nilimchukia kweli. Kumbe alikuwa anahakikisha mji wa mimba unakaza. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ndiko kunakoua wazazi wengi kuliko jambo lingine lolote. Ukikutana na mkunga popote, msalimie vizuri.

Vita ya kwanza kwa ajili yako ilipiganwa asubuhi hiyo hiyo. Bibi aliyaona maziwa yangu ya mwanzo, mazito, ya njano, akasema ni machafu, yakamuliwe yamwagwe, wewe upewe maji ya sukari kwa kijiko. Mkunga akamjibu kwa adabu zote, "Mama, hiyo ndiyo chanjo yake ya kwanza." Bibi akanyamaza, lakini namfahamu, kunyamaza kwake si kukubali. Ulinyonya. Ile chanjo yenyewe, ya kifua kikuu, ukachomwa begani, na ya polio ukatiwa matone mdomoni, ukakunja uso kama mzee aliyedhulumiwa.

Nyumbani nimekandwa maji ya moto hadi nikaomba msamaha, nimefungwa tumbo, nimenyweshwa uji wa pilipili manga. Babu alikuadhinia sikioni. Siku ya saba ukanyolewa, akachinjwa mbuzi mmoja wa akika. Ungekuwa mvulana wangekuwa wawili, na baba yako, mfuko wake ninaujua, alishukuru kimyakimya.

Yeye sheria ilimpa siku 3 za likizo. Mimi 84, na ningezaa pacha 100. Madaktari wanataka unyonye maziwa matupu miezi 6. Piga hesabu mwenyewe, utaona aliyeitunga sheria hii hakuwa ananyonyesha. Nikirudi kazini nina ruhusa ya hadi saa 2 kwa siku za kukunyonyesha, lakini kazini kwangu na hapa ni daladala mbili. Kwa hiyo nimeanza kukamua na kumfundisha bibi kukunywesha kwa kikombe. Anaweza vizuri. Kopo la sukari nimelihamishia kabati la juu, asikofika bila stuli.

Mama yako